Mkono wa Kitasa

Katika miaka kumi na sita ya kucheza beki wa kati, Kitasa alivunjwa pua mara mbili, akashonwa paji la uso mpaka madaktari wa timu wakamzoea, na goti lake la kushoto likapasuliwa, likafungwa, likapasuliwa tena. Hakuna siku hata moja kati ya hizo aliyoogopa kama Jumamosi hii, saa tisa na nusu alasiri, akiwa amesimama mbele ya geti la kijani na boksi la biskuti mikononi, amelishika kama mtu aliyepewa mtoto wa wenzake ambebee.

"Usigonge kama polisi," binti wa nyumba hiyo, mpima macho, alikuwa amemwambia kwenye simu. "Baba hapendi."

Akagonga kwa vidole viwili. Geti likafunguliwa na mpima macho mwenyewe, gauni la bluu, miwani imepandishwa juu ya kichwa pale alipozoea kuisahau. Walitazamana. Mwanamke alikuwa na namna yake ya kumtazama mtu, kwanza jicho la kulia, kisha la kushoto, kama anayatia alama, na kila alipomtazama hivyo Kitasa alisahau alichotaka kusema.

"Umevaa tai," alisema mwanamke.

"Nimekosea?"

"Umeifunga vibaya." Akainyoosha kwa vidole vyake vyembamba, taratibu kuliko ilivyohitajika. "Akikuuliza jambo, mjibu. Usizunguke. Baba anachukia mtu anayezunguka."

"Na akiniuliza lile?"

"Mwambie ulivyoniambia mimi. Si hukujua? Basi. Akilisikia kinywani mwako litamtoka moyoni."

Goti la kushoto la Kitasa likamuuma kidogo, na hakukuwa na dalili yoyote ya mvua.

Wawili hawa walikutana kwa sababu ya mlango wa choo. Alipoacha mpira, Kitasa alifungua duka la milango, makufuli na vitasa, na watu walikuja kununua kufuli moja wakakaa saa nzima wakimsimulia mechi alizocheza yeye mwenyewe. Siku moja, miezi minane iliyopita, alimuuzia mteja kitasa cha chooni akakifunge kwenye mlango wa mbele, kwa kuwa hakuweza kuyasoma maandishi ya boksi na aliona aibu kumwomba mtu amsomee. Mteja alirudi akiwa amefura. Kitasa akakubali yaishe, akaenda kupimwa macho kwenye duka la miwani.

Chumba cha kupimia kilikuwa na giza. Mwanamke akavuta kiti karibu mpaka magoti yao yakabakiza nafasi ya kidole, akawasha kurunzi ndogo, akasema, "Tazama sikio langu la kulia." Kitasa akalitazama. Lilikuwa sikio dogo, lenye tundu la hereni na juu yake tundu jingine lililoanza kuziba. Kwa hiyo alilipenda sikio kabla hajampenda mwenyewe, na akitaniwa kuhusu jambo hilo hakatai. Alirudi baada ya wiki akidai miwani inabana. Ikalegezwa. Akarudi tena, eti sasa inateleza.

Mara hiyo ya tatu, mwanamke akiwa anakunja mkono wa miwani juu ya hewa ya moto, alimuuliza bila kuinua uso. "Siku ile ya fainali, ulijua kwamba yule mshambuliaji hakuwa ameotea?"

"Kwa nini unauliza?"

"Mshika kibendera yule ni baba yangu."

Kitasa angeweza kusema kweli hapo hapo, wakaagana kwa heshima, akatafuta miwani mtaa mwingine. Lakini alikuwa ameshalipenda sikio, na sasa alikuwa amevipenda vilivyobaki vyote, pua, vidole, sauti. Akasema, "Sikujua. Mambo yalikwenda kasi." Ulikuwa uongo wa maneno manne tu. Miezi minane ulikuwa umelala naye, umeamka naye, na leo umevaa tai umekuja ukweni.

Sebule ilikuwa ndogo na safi sana. Pale ambapo nyumba nyingine huning'iniza picha za ukoo palining'inia bango la kupimia macho, herufi kubwa juu na zile ndogo kama sisimizi chini. Pembeni ya mlango, ndani ya chombo cha miavuli, kulikuwa na bendera ya njano na nyekundu iliyoviringishwa kwenye kijiti chake.

"Usiiguse hiyo," shangazi mtu alimwahi Kitasa kabla hajaitazama vizuri. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru. "Ina miaka kumi na miwili humo. Mimi huifuta vumbi tu. Mwenyewe hajaishika tangu siku mliyomfanya alivyofanywa."

"Shangazi," mpima macho alisema.

"Nimesema nini? Namweleza mgeni mambo ya nyumba."

Mzee akatoka chumbani. Alikuwa mrefu, mkavu, nywele nyeupe zimekatwa fupi, na alitembea ubavu, hatua mbili tatu za pembeni, kama bado ana mstari wa chokaa chini ya miguu na mpira mbele yake. Kitasa akasimama, akamwamkia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa."

Kitasa akachagua kiti kilichopakana na ukuta. Mzee akaliona hilo.

"Bado unamwogopa mtu wa nyuma yako."

"Mazoea, Mzee."

"Mimi natembea ubavu. Dada yangu anasema nitaingia kaburini kwa ubavu."

"Na bendera yako nitakuwekea humo humo," shangazi alisema, akimimina chai. Kisha akamgeukia Kitasa, akamkagua toka juu mpaka chini kama mtu anayetaka kununua kabati. "Haya, bwana beki. Magoti yako yakoje?"

"Moja zima, Shangazi."

"Na la pili?"

"La pili linatabiri mvua."

"Ala. Kwa hiyo mwanangu anaolewa na mtu au na idara ya hali ya hewa?"

Mpima macho akakiziba kicheko kwa kikombe. Shangazi hakucheka. "Watu wa mpira nawajua mimi. Kila mji mliocheza mmeacha kitu."

"Mimi niliacha meno, Shangazi. Mawili, miji miwili tofauti."

Hapo hata Mzee alitikisika mabega. Kwa dakika kadhaa mambo yalikwenda vizuri mpaka Kitasa akaanza kuonja chai. Waliongea kuhusu duka. Waliongea kuhusu viatu vya zamani vya ngozi, vile vya kuvunja vidole. Mzee alimkumbusha mechi moja ya mvua ambamo Kitasa alimfuata mshambuliaji mmoja dakika tisini bila kumgusa hata ukucha, mpaka yule mtu akaomba atolewe mwenyewe. Aliisimulia kwa raha, mikono ikichora uwanja hewani, na binti yake alimtazama kwa mshangao kwa kuwa kwa miaka mingi hakuwahi kumsikia akiutaja mpira.

Halafu Mzee akaweka kikombe chini.

"Unaliona bango lile?" alisema. "Kila mwaka, mwezi wa kwanza, huyu mwanangu ananisimamisha hapa mlangoni ananipima macho. Mwaka wa kumi na mbili huu." Na pale pale alipoketi, bila kukodoa, akausoma mstari wa chini kabisa, herufi baada ya herufi, mpaka ya mwisho. "Mazima. Kila mwaka mazima."

"Baba, yaache hayo."

"Ngoja. Sijazungumza naye miaka kumi na miwili, niache dakika tano." Akamgeukia Kitasa. "Kabla ya fainali ile, mechi zako nilishika kibendera mara kumi na tisa. Unajua mabeki. Mpira ukipita tu, mikono minne juu, wameotea hawajaotea, wanainua kama watoto wanaotaka kutoka darasani. Sisi tunafundishwa kutoitazama mikono hiyo. Lakini wewe hukuwa unainua. Mara kumi na tisa, umeinua mara tatu, na zote tatu ilikuwa kweli. Tulikuwa tunakusema huko chumbani kwetu. Tulisema, yule akiinua, kuna kitu."

Kitasa aliacha kuonja chai.

"Na tulifundishwa jambo jingine," Mzee aliendelea, sauti yake imeshuka. "Ukiwa na shaka, bendera inabaki chini. Mwenye shaka anaacha mpira uendelee. Siku ile dakika ya themanini na nane nilikuwa kwenye mstari, sawasawa kabisa, na nilichokiona mimi ni kwamba mshambuliaji yuko sawa na kisigino chako. Hakuotea. Kisha nikauona mkono wako juu. Nikapata shaka na macho yangu, lakini sikupata shaka nawe. Nikainua, na bao likakataliwa. Sasa nakuuliza, na sikuulizi tena. Ulijua?"

Mpima macho alimtazama Kitasa. Jicho la kulia, kisha la kushoto. Aliinamisha kichwa kidogo, kumtia moyo: mwambie, hukujua, tumalize.

Ingekuwa rahisi. Maneno yale manne yalikuwa tayari mdomoni, yameshazoea njia. Angeyasema, Mzee angeshusha pumzi, shangazi angeongeza chai, na kabla mwaka haujaisha angemwoa mwanamke aliyempenda kuliko kombe lolote alilowahi kulibeba. Na kila mwaka, mwezi wa kwanza, angekaa katika kiti hiki hiki akimtazama mkewe akimpima baba yake macho.

Akavua miwani yake, akaiweka mezani.

"Nilijua, Mzee."

Akaendelea, kwa kuwa akisimama hapo asingeweza kuanza tena.

"Mimi ndiye niliyepiga kelele mabeki wapande. Tulikuwa tunapanda pamoja, hatua moja, tunamwacha mshambuliaji nyuma yetu anaotea. Wenzangu wakapanda. Goti langu likakataa. Nilichelewa nusu hatua, na nilisikia mwenyewe kwamba nimechelewa, kwa sababu lilipiga kama kijiti kinachovunjika. Nilijua nimemweka sawa kabla hata mpira haujamfikia. Mkono ukapanda. Nilijua, nikauinua hivyo hivyo. Na baadaye waandishi waliponiuliza nikasema nacheza mpaka nisikie filimbi. Nililibeba lile kombe. Picha yake ipo nyumbani. Sijaitundika."

"Uliniambia hukujua," mpima macho alisema.

"Nilikudanganya."

"Dukani kwangu. Nimeshika miwani yako."

"Ndiyo. Niliogopa kwamba nisingekuona tena. Hiyo si sababu nzuri, ila ndiyo sababu yenyewe."

Mwanamke akasimama. Kitasa alidhani anakwenda kumfungulia geti, na aliona ni haki yake. Lakini mwanamke alibaki katikati ya sebule, mikono imelegea, na aliyekuwa akimtazama hakuwa Kitasa. Alikuwa akimtazama baba yake.

"Baba," alisema, na sauti ikakatika. "Mimi nilikuwa nakupima kila mwaka. Kila mwaka naomba Mungu nikute kitu. Kaukungu kidogo tu, kadoa, chochote. Kila mwaka nakuta mazima. Na watu walikuwa wanasema..." Alishindwa kumalizia.

"Walikuwa wanasema nimehongwa," Mzee alimmalizia kwa upole. "Kama macho ni mazima, basi mtu amehongwa. Nilijua unawaza hivyo, mwanangu."

"Ulijua?"

"Nasimama mlangoni pale nakusomea herufi, nauona uso wako. Ukimaliza unanibusu, unakwenda jikoni unakaa huko muda mrefu. Ningekuambia nini? Kwamba niliuamini mkono wa beki? Nani angeniamini, wakati mwenye mkono alikuwa amenyamaza?"

Mpima macho akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, akaweka uso mapajani pake, akalia kilio ambacho alikuwa amekiweka tangu yuko mwaka wa pili chuoni, wakati wenzake walipomcheka kwamba anasomea macho na baba yake ni kipofu. "Nisamehe, Baba. Nisamehe." Mzee alimshika kichwa, akaivua ile miwani iliyosahauliwa nyweleni isivunjike, akaishika kwa uangalifu kama yai. Shangazi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekosa la kusema, aligeukia ukutani akajifuta kwa ncha ya kitambaa cha meza.

Kitasa alielewa kwamba hapo hapakuwa na nafasi yake. Alisimama polepole. "Mzee, naomba radhi. Sikuja kuomba radhi leo, nilikuja kuomba jambo jingine, na hilo sasa siliombi. Kesho asubuhi nitakwenda kwa waandishi wale wale, niyaseme haya kwa mdomo wangu. Nimechelewa, najua. Shangazi, asante kwa chai."

Mwanamke hakuinua uso.

Njia ya kutoka mlangoni mpaka getini ilikuwa hatua ishirini, na Kitasa alizihesabu zote. Alizoea kushindwa. Amefungwa mabao ya dakika ya mwisho, ameshuka daraja, ameachwa na timu kwa barua ya mistari miwili. Kote huko alijua kwamba Jumamosi nyingine inakuja. Safari hii hakuona Jumamosi yoyote mbele yake. Moyo ulimuuma palepale watu wanaposema moyo unauma, na alishangaa kwamba kumbe si maneno ya nyimbo tu.

Alikuwa ameshashika komeo la geti aliposikia kandambili zinakimbia.

"Umesahau miwani."

Akageuka. Macho ya mwanamke yalikuwa mekundu, pua imevimba, na Kitasa hakuwahi kumwona mzuri namna hiyo. Alinyoosha mkono aipokee. Mwanamke hakumpa. Alimsogelea, akamvalisha mwenyewe, sikio la kulia kisha la kushoto, akarudi nyuma hatua moja kuangalia kama imekaa sawa, kama alivyofanya siku ya kwanza dukani.

"Inateleza," alisema.

"Siku zote inateleza."

"Siku zote ulikuwa unaipanua mwenyewe ili urudi. Unadhani sioni alama za koleo?"

Kitasa akaisukuma miwani juu ya pua.

"Nina hasira nawe," mwanamke alisema. "Sijui zitaisha lini. Usiniambie pole, nitakupiga. Umenidanganya miezi minane, na umenirudishia baba yangu kwa dakika tano, sasa mimi nikufanye nini?"

"Lolote. Nitakubali."

"Kesho nenda kaseme ulichoahidi kukisema. Jumatatu uje dukani kwangu niibane hiyo miwani. Uje bila tai."

"Nitakuja."

"Sijasema nimekusamehe."

"Nimesikia."

"Basi." Lakini hakuondoka, na mkono wake, ambao ulikuwa umebaki kwenye fremu ya miwani bila kazi yoyote ya maana, ukashuka taratibu ukapita kwenye lile kovu la paji la uso, ukatulia shavuni. Kitasa alifumba macho. Alitamani kukishika kiganja kile, akajizuia, akaona amwachie mwenyewe aamue muda wake.

Alipoyafumbua alimwona Mzee, nyuma kabisa ya bega la binti yake, amesimama barazani. Alikuwa wima, visigino pamoja, kifua mbele, na mkononi ameshika ile bendera. Alikuwa ameikunjua. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, mkono mdomoni.

Mpima macho akageuka kufuata macho ya Kitasa, na mkono ukamtoka shavuni. "Baba? Mbona umeishika bendera?"

Mzee alimtazama Kitasa, akapiga hatua mbili za ubavu mpaka akawa sawa naye, geti kwa baraza, kama anayepima mstari. Bendera ilining'inia kando ya mguu wake, kitambaa kikigusa sakafu.

"Huyu mtu nina shaka naye," alisema. "Ndiyo maana iko chini."